Milioni, 720,720 au 846,720: nyumba ya urithi uikate hisa ngapi?

Wakili alitutaka jambo moja tu: tumpe idadi ya hisa. Nyumba ya babu iko Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, chini maduka mawili, juu wapangaji, na sisi wenyewe tumetawanyika Kisauni, Likoni na Changamwe. Umiliki uandikwe kwa hisa, na kila mwenye haki awe na hisa kamili. "Nambari yoyote mtakayo," alisema, "lakini nusu hisa siandiki."

Basi Ijumaa baada ya sala tukakaa barazani, kahawa chungu na sinia ya kashata katikati, na Ami Mkubwa akaamua kabla kikombe chake hakijapoa. Milioni. Nyumba ya hisa milioni moja, ukiitaja mbele za watu wanageuka.

Mimi ndiye mshika daftari wa ukoo, na jioni nafunza watoto hesabu za tuisheni Majengo, kwa hivyo nikatumwa nikaitazame hiyo milioni. Nimeitazama, pamoja na wenzake kadhaa, na nimeona niuandike ulinganisho wenyewe, maana najua si sisi peke yetu wenye nyumba ya urithi na ami mpenda milioni. Hukumu ya mirathi si yangu. Hiyo ina Kadhi, ambaye mahakama yake imetajwa katika kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya 2010, na mwenye shaka aende huko. Yangu mimi ni nambari tu.

Mgao wetu ulivyo

Babu alifariki akaacha wana watatu na binti mmoja. Bibi alikuwa ametangulia. Mwana wa kiume hupata mafungu mawili, binti fungu moja, kwa hivyo nyumba ina mafungu saba. Baba yangu, wa katikati, akafariki nyumba bado haijagawanywa. Ameacha mke, wana wawili na binti mmoja, ambaye ndiye mimi. Mama ana thumuni, yaani moja ya nane, ya haki ya baba, na kinachobaki kinakatwa mafungu matano: ndugu zangu mawili mawili, mimi moja.

Kwa hivyo nambari inayotufaa ni lazima igawike kwa 7, kisha mbili ya saba hizo zigawike kwa 8, kisha mabaki yake yagawike kwa 5. Hapo bado hatujawahesabu warithi wa walio hai, na walio hai nao wana maneno yao, kama mtakavyoona.

Milioni

Sifa zake zinajulikana. Inatamkika, inaandikika, sifuri zake sita hazimpotezi mtu. Ni mraba, yaani 1,000 mara 1,000, na papo hapo ni mchemraba, 100 mara 100 mara 100. Lakini ukiivunja ndani hukuti ila vitu viwili: 2 mara sita na 5 mara sita. Basi. Hakuna 3, hakuna 7, hakuna 11. Ni kama duka kubwa la Marikiti ambalo ukiingia unakuta mchele na sukari tu.

Vigawo vyake, yaani nambari zinazoigawa pasibaki kitu, ni 49. Njia ya kuvihesabu bila kuviorodhesha nawafunza watoto wa darasa la saba: ivunje nambari hadi zibaki nambari tasa, zile ambazo hazigawiki ila kwa moja na kwa zenyewe, tazama kila tasa imekuja mara ngapi, ongeza moja kwa kila hesabu, zidisha. Milioni ina 2 mara sita na 5 mara sita, kwa hivyo 7 mara 7, ni 49. Jibu limetoka witiri kwa sababu ni mraba: kila kigawo kina mwenzake, 2 na 500,000, 4 na 250,000, isipokuwa 1,000 ambayo mwenzake ni yeye mwenyewe. Kama ile rakaa ya mwisho ya witiri baada ya isha, inasimama peke yake.

Gawa milioni kwa saba. Unapata 142,857 na moja inabaki. Na ubaya wa milioni ni kwamba moja hiyo hubaki karibu kila mahali: ukigawa kwa 3 inabaki moja, kwa 9 moja, kwa 11 moja, kwa 13 moja, hata kwa 27 na kwa 37. Sababu ni jirani yake, 999,999, ambayo imejengwa kwa 3 mara tatu, 7, 11, 13 na 37. Zote hizo zinaigawa sawasawa, basi ukiongeza moja ufike milioni, hiyo moja haina pa kukaa.

Nilipomweleza Ami Mkubwa kwamba kuna hisa moja haina mwenyewe, hakushtuka. "Tuiweke wakfu kwa msikiti." Nikamfanyia hesabu: kodi ya nyumba yote ni shilingi 42,000 kwa mwezi, kwa hivyo hisa moja katika milioni inapata senti nne na kidogo. Msikiti upelekewe senti nne kila mwisho wa mwezi, na stakabadhi. Akanyamaza, akachukua kashata.

Na hata tungeitoa hiyo moja, fungu la baba lingekuwa hisa 285,714, na thumuni ya mama haitoki: zinabaki mbili. Milioni kwetu imekufa mapema.

(Mtu atasema, basi chukueni 999,999 yenyewe. Saba inaingia vizuri, na 142,857 ni nambari ya kuchezea: izidishe kwa 2 upate 285,714, kwa 3 upate 428,571, tarakimu zilezile zinazunguka kama watu kwenye rusha roho, hadi mara sita, mara ya saba zote zinakuwa tisa. Darasani naipenda sana. Lakini ni witiri, haigawiki hata kwa mbili, na wajane wa Kiislamu haki yao ni robo au thumuni. Ikae darasani.)

720,720

Hii ndiyo niliyoileta mimi, na niliileta kwa maringo. Ni 720 mara 1,001, na 1,001 ni 7 mara 11 mara 13. Inagawika kwa kila nambari kuanzia 1 mpaka 16, bila kuruka hata moja, na ndiyo ndogo kabisa yenye sifa hiyo. Waliosoma hesabu kwa Kiswahili wataitambua kuwa ni kigawe kidogo cha shirika cha nambari hizo zote. Vigawo vyake ni 240. Milioni, kumbuka, ni kubwa kuliko hiyo na ina 49.

Nambari za aina hii, zenye vigawo vingi kuliko nambari yoyote iliyo chini yake, zilichunguzwa kwa kina na Srinivasa Ramanujan wa India katika makala aliyoitoa mwaka 1915. Watu wa Mombasa wampende kwa sababu ya ziada: kabla ya kwenda Cambridge mwaka 1914 alikuwa karani wa hesabu bandarini Madras. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Plato wa Ugiriki aliushauri mji uwe na wenye mashamba 5,040, kwa sababu 5,040 ina vigawo 60 na inagawika kwa kila nambari hadi 12 isipokuwa 11; na hata hiyo 11 aliipatia dawa, toa nyumba mbili, 5,038 inagawika.

Tukairudia nyumba ya Kibokoni. 720,720 kwa saba ni 102,960. Ami Mkubwa 205,920, Ami Mdogo 205,920, Shangazi 102,960, marehemu baba 205,920. Kwa baba: mama 25,740, ndugu zangu 72,072 kila mmoja, mimi 36,036. Hakuna kilichobaki. Nambari zenyewe zinapendeza machoni, zinajirudia kama maneno ya leso. Nikafunga kalamu.

Shangazi akaniambia, "Na mimi je?"

"Umeshapata, Shangazi. Hisa 102,960."

"Hizo nitakula mimi. Nauliza nikifa."

Tukamwambia Mungu ampe umri. Akasema umri atapewa, lakini daftari linaandikwa leo. Akaivuta sinia ya kashata kwake. Zilikuwa zimekatwa nne kwa sita, vipande 24, hakuna aliyekuwa amegusa ila Ami na kile kimoja, akamwamuru akirudishe. "Haya. Mume wangu robo." Akahesabu vipande sita, akavisogeza pembeni. "Vimebaki kumi na vinane. Watoto wangu wanaume wawili, wanawake watatu. Mafungu mangapi?" Saba. Akaanza kupanga mafungu saba juu ya kitambaa, kipande kipande, duru ya kwanza, duru ya pili. Vikabaki vinne mkononi, na nazi imemganda vidoleni. "Hivi vinne ni vya nani?"

Nikafungua kalamu tena. Robo ya 102,960 ni 25,740. Kinachobaki ni 77,220. Kwa saba: 11,031, na tatu hazina mwenyewe. Nambari yangu yenye vigawo 240 imeshindwa na sinia ya kashata.

Kosa langu lilikuwa hili, na wengi watalifanya: nilihesabu vigawo ni vingapi, sikutazama kila tasa imo mara ngapi. 720,720 ina saba moja tu, na saba hiyo iliwa siku ya babu. Shangazi anahitaji saba ya pili. Nambari inayomtosha ni lazima igawike kwa 49. Sinia ya vipande 28 ingemtosha yeye peke yake: mume saba, na 21 kwa mafungu saba ni tatu tatu. Maalim aliyetufunza faradhi, elimu ya kugawa mirathi, chuoni alikuwa na jina lake, munasakha, mtu kufa kabla ya mali ya aliyemtangulia kugawanywa, mgao juu ya mgao. Nililikariri jina, sikulitilia maanani.

997,920 na ndugu zake

Chini ya milioni hakuna nambari inayozidi vigawo 240, na zenye 240 ni tano tu: 720,720, 831,600, 942,480, 982,800 na 997,920. Hii ya mwisho nilidhani itampoza Ami Mkubwa, imeikaribia milioni, imepungukiwa na 2,080 tu. Imejengwa kwa 2 mara tano, 3 mara nne, 5, 7 na 11. Haina 13: ukigawa kwa 13 inabaki moja, ugonjwa uleule wa milioni.

Ubora wake uko kwenye hiyo 3 iliyokuja mara nne. Ami Mdogo ana mwana mmoja, na anataka kumpa fungu lake hiba angali hai. Sasa fikiria, Mungu aepushe, kijana huyo akatangulia mbele ya wazazi wake, akaacha mke, mabinti wawili, mama na baba. Mke thumuni, kila mzazi sudusi, yaani moja ya sita, mabinti thuluthi mbili. Weka zote juu ya 24: tatu, nne, nne, kumi na sita. Jumla 27. Haki zimezidi mali. Hii ni kesi mashuhuri katika faradhi. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Ali aliulizwa akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kuwa thumuni ya mke imegeuka tusui, sehemu moja ya tisa, yaani tatu ya 27, akaendelea na hotuba. Kila mmoja anapunguziwa kwa kiwango chake, na mali inakatwa 27 badala ya 24.

Nambari inayotaka kustahimili hilo lazima iwe na 3 mara tatu. 720,720 ina mbili, imeanguka. 997,920 inapita: fungu la Ami Mdogo ni 285,120, kwa 27 ni 10,560 kamili. Lakini kwa Shangazi nayo inaanguka, inabakisha hisa mbili, kwa sababu saba yake ni moja.

Hizo nyingine tatu nazitaja kwa ajili ya wasomaji wengine. Ukoo wenu ukiwa na mafungu 13, tuseme wana sita na binti mmoja, tazameni 982,800, ambayo ina 13 na pia inagawika kwa 27. Mafungu 17, wana wanane na binti mmoja, 942,480 ina 17 ndani. 831,600 sikuona inachotoa ambacho 997,920 haitoi, ila 5 ya pili.

Zilizoshonwa kwa kipimo

Hapa ndipo nilipoacha kutafuta nambari mashuhuri. Nguo ya kununua dirishani na ya fundi wa Biashara Street si sawa. Nikachukua vipimo vyetu nikashona. Tunataka 7 mara mbili, 3 mara tatu, 5 mara moja, na 2 za kutosha wajane. Ndogo kabisa inayotosha kesi zote za hapo juu ni 26,460. Ni 2 mara mbili, 3 mara tatu, 5, na 7 mara mbili. Ina vigawo 72. Nambari ndogo namna hiyo, mbele ya milioni ni mtoto wa kubebwa, na bado inaipita milioni kwa vigawo 23.

Nilijenga pia 776,160, ambayo ina saba mbili na 11 moja. Na nikaichukua ile 26,460 nikaizidisha kwa 32, yaani nikaiongezea 2 mara tano zaidi, ikawa 846,720.

| Nambari | Imejengwa kwa | Vigawo | Saba ya babu | Mama na sisi | Warithi wa Shangazi | Kesi ya 27 |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 1,000,000 | 2⁶ × 5⁶ | 49 | inabaki 1 | haitoki | haitoki | haitoki |
| 720,720 | 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13 | 240 | sawa | sawa | zinabaki 3 | haitoki |
| 997,920 | 2⁵ × 3⁴ × 5 × 7 × 11 | 240 | sawa | sawa | zinabaki 2 | sawa |
| 776,160 | 2⁵ × 3² × 5 × 7² × 11 | 216 | sawa | sawa | sawa | haitoki |
| 846,720 | 2⁷ × 3³ × 5 × 7² | 192 | sawa | sawa | sawa | sawa |
| 26,460 | 2² × 3³ × 5 × 7² | 72 | sawa | sawa | sawa | sawa |

Mpwa wangu, kijana wa kompyuta, alileta 1,048,576, ambayo ni 2 mara ishirini. Nikamsikiliza kwa heshima. Ina vigawo 21 na kwa saba inabakisha nne. Ni nambari ya kukata nusu, na nusu ya nusu, na hakuna kingine. Ingefaa mashindano ya mtoano. Kisha kwa mzaha akaleta 1,000,003, nambari tasa ya kwanza ukishavuka milioni. Tasa kweli: ama nyumba ni ya mtu mmoja, ama ya watu 1,000,003.

Ndogo au kubwa?

Zilizobaki kwangu ni mbili, 26,460 na 846,720, na hapa maoni yanaweza kutofautiana. 26,460 ni nyepesi. Shangazi anapata 3,780, mimi 1,323, nambari ambazo mtu anazikumbuka bila kutazama karatasi. Kama mali itauzwa karibuni na kila mtu achukue chake, sioni haja ya kupita hapo.

Nyumba yetu haiuzwi, ndiyo maana nimeegemea kubwa. Ndugu yangu mkubwa katika 26,460 angekuwa na hisa 2,646. Igawe kwa mbili unapata 1,323, witiri, mwisho wa safari. Mkewe akija kudai thumuni hapo, hisa hazitoki. Katika 846,720 ndugu yangu ana 84,672, na thumuni yake ni 10,584, imetoka bila jasho. Zile 2 tano za ziada ni akiba ya wajane wa baadaye.

Haimaanishi itadumu milele. 84,672 haina tano tena. Tano ilikuwa moja na sisi watoto wa baba tumeshaila. Ndugu yangu akiacha mafungu matano kama alivyoacha baba, tutakwama palepale alipokwama Shangazi na kashata zake. Hakuna nambari inayomaliza vizazi vyote. Kinachowezekana ni kununua vizazi viwili vitatu vya utulivu.

Na hisa kamili hazileti shilingi kamili. Kodi ni 42,000. Saba ya Shangazi ni 6,000, safi. Lakini warithi wake wakishaingia, binti mmoja atapata fungu moja la saba la 4,500, ambalo ni 642 na senti 86 hivi. Hisa zake ni 12,960 kamili na bado pesa zina senti. Sisi tumeafikiana senti zote ziteremshwe, zinazobaki ziingie kopo la ukarabati, na ile paa Mungu anajua inazihitaji.

Kwa anayetaka kushona yake: anza na mafungu ya mzee wa kwanza. Kisha chukua kila tawi, tazama mjane au mume ana robo au thumuni, na watoto wanafanya mafungu mangapi. Usitafute tu kigawe cha shirika cha nambari hizo zikiwa zimepangwa safu moja, kosa hilo ndilo lililonifedhehesha. Mgao wa pili unakatwa ndani ya mgao wa kwanza, kwa hivyo saba ndani ya saba ni 49, si 7. Ukishapata ndogo inayotosha, izidishe kwa mbili mara kadhaa, na kama tatu zake ni chache, kwa tatu pia, hadi karatasi ya wakili inapoanza kulalamika. Ukoo wenye mafungu 11, wana watano na binti mmoja, wasiishike yetu, haina 11. 776,160 iko karibu zaidi nao, au 997,920 kama hakuna saba mbili zinazofuatana.

Daftarini nimeandika 846,720. Ami Mkubwa 241,920. Ami Mdogo 241,920. Shangazi 120,960, nikamwonyesha, mumewe 30,240, wabaki 90,720, kwa saba 12,960, hakuna kipande mkononi. Mama 30,240, sawa kabisa na mume wa Shangazi, jambo lililowachekesha wote wawili. Ndugu zangu 84,672 kila mmoja, mimi 42,336.

Ami Mkubwa alitia sahihi kwa shingo upande. Nikamtuliza kwamba siku tano ikihitajika, watoto wetu wanaweza kukata kila hisa vipande vitano, haki ya mtu haiguswi, na nyumba itakuwa na hisa 4,233,600.

Akaiweka kalamu chini. "Milioni nne? Na wewe umenikalisha hapa tangu adhuhuri unanipigia hesabu za kashata?"